Rafu ya Anga Haiendi Popote

Jumatano, 1 Machi

Daftari hili si langu. Nimekabidhiwa leo asubuhi na mkuu mpya wa maktaba, nalo lina safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, idadi ya wasomaji, vitabu vilivyotoka, vilivyorudi, maoni. "Utalijaza kila siku kabla ya kufunga," akaniambia. Safu ya maoni ina upana wa kidole gumba. Maoni yangu hayaenei humo. Takwimu zake nitaziandika kwenye karatasi nyingine, daftari hili nimelitaifisha. Kama ana neno, aje aniulize.

Niko nyuma ya kaunta hii mwaka wa ishirini na sita. Wakuu saba wamekuja wakapita. Huyu wa nane ana umri wa kifungua mimba wangu, anatembea amekumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga, na kila sentensi yake ina asilimia ndani. Nimempa jina la Bi Takwimu. Mwenyewe hajui.

Jumamosi, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Kona ya watoto inavuja palepale pa mwaka jana. Nimeweka ndoo, watoto wakajipanga kuizunguka, tukaanza.

Jumamosi ni siku yetu ya anga. Ni watoto kumi na wanne, wa miaka tisa hadi kumi na tatu, na tangu mwaka juzi tumesoma rafu nzima: nyota, roketi, sayari, hadithi za watu waliokwenda huko na waliobuniwa kuwa wamekwenda. Sasa tuko kwenye hadithi ya dada wawili wanaosafiri hadi mwezini kwa chombo alichounda mama yao. Nasoma sura moja kwa sauti, halafu tunabishana. Sehemu ya kubishana ndiyo wanayoijia.

Leo aliyeanza ni Swali. Nimemwita hivyo kwa sababu hajawahi kumaliza dakika tano bila kuuliza. Ana miaka kumi na mmoja, anaishi na shangazi yake msusi.

"Bibi, hawa wameondoka nyumbani ukurasa wa tatu. Tuko ukurasa wa kumi na tisa. Mbona hakuna aliyekwenda chooni?"

Wakaangua kicheko. Nikasema huenda mwandishi amesahau.

"Mwandishi hajawahi kusafiri na mdogo wake," akasema. "Mimi ningeanza na choo."

Tukamaliza saa nzima tukijadili choo kisicho na uzito. Tulichora na mchoro. Sitauweka kwenye safu ya maoni.

Niandike na sheria yangu, maana naona fahari nayo: kitabu cha anga hakitoki humu ndani. Kinasomwa hapa, mezani, kwa mikono iliyonawa. Ndiyo sababu vitabu vyangu vyote arobaini na kimoja bado vina sura ya vitabu.

Jumatatu, 6 Machi

Mvua. Wasomaji watatu. Mmoja alikuja kujikinga.

Jumamosi, 11 Machi

Ugomvi mkubwa. Kitabu cha zamani kinasema sayari ni tisa, kipya kinasema nane. Mtoto wa muuza nyama, mkimya siku zote, akasimama hadi kiti kikaanguka.

"Pluto imekwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba wataalamu walikutana, wakapanga masharti ya kuitwa sayari, Pluto ikapungukiwa sharti moja. Bado ipo palepale, inazunguka kama zamani. Imeondolewa kwenye orodha tu.

"Walienda kuiangalia kwanza?"

"Wakati ule hakikuwa kimefika chombo chochote huko."

"Wameifukuza na hawajafika kwake!" Machozi yalimlengalenga. "Huo si uungwana, Bibi."

Tangu leo anaitwa Pluto. Jina amelipenda.

Jumanne, 14 Machi

Leo nimegombana, na nitagombana tena kesho.

Bi Takwimu ameniletea orodha. Agizo limetoka juu: kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka mitatu kinahesabiwa hakina msomaji, na lori litakuja tarehe 28 Aprili kuvipeleka vyote kiwandani vikasagwe viwe karatasi upya. Rafu zitakazobaki wazi zitawekwa vitabu vya mitihani. Nikapitisha kidole kwenye orodha nikitafuta vile vikuukuu vya kilimo cha pamba. Nikakuta rafu ya anga. Yote, vitabu arobaini na kimoja.

"Hii ni kazi ya mtu asiye na macho," nikamwambia. "Vitabu hivi vinasomwa kila Jumamosi!"

"Nioneshe muhuri."

Kila kitabu chetu kina karatasi nyuma, na kila kikitoka tunagonga tarehe ya siku hiyo. Nikakivuta cha kwanza kwa madaha, nikafungua nyuma. Peupe. Cha pili, peupe. Cha sita nilikuwa nafungua huku najua. Sijawahi kugonga kwa sababu sijawahi kuviachia vitoke. Vidole vya watoto vimelainisha pembe za kurasa zote, na kwa mujibu wa karatasi hakuna kiumbe aliyewahi kuvigusa.

Kimoja tu kilikuwa na muhuri, kile cha dada wawili, chenye alama ya maji kwenye jalada. Muhuri mmoja, wa miaka ishirini na miwili iliyopita.

"Takwimu hazina upendeleo," akasema, akaondoka na kompyuta yake.

Kilichonichoma ni kwamba hakunizulia. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Jumatano, 15 Machi

Sina la kuandika. Nina hasira.

Jumamosi, 18 Machi

Nimewaambia watoto ukweli. Ndoo iliendelea kulia.

"Ni kama mimi," Pluto akasema. Alikuwa na maana ya ile Pluto ya angani, lakini hakuna aliyecheka.

Swali akauliza kama huyo aliyepanga masharti aliwahi kuja Jumamosi. Nikajibu hapana. Akauliza kama wanaweza kumwandikia. Nikamwambia kuna watu wakubwa watakaolishughulikia. Mtu mkubwa nilimaanisha mimi, na kichwani nilikuwa nimeshakata shauri, tena shauri baya.

Jumatatu, 20 Machi

Wakati wa chakula cha mchana nilijifungia stoo na muhuri. Ule muhuri una magurudumu madogo ya tarehe, ukiyazungusha unarudi nyuma mwaka wowote unaoutaka. Nikagonga vitabu saba tarehe za mwaka jana, huku na huku, zionekane za kawaida. Nikajiambia: sidanganyi, vimesomwa kweli, nakumbusha tu karatasi. Kamanda, mlinzi wetu wa mlangoni, akanipigia hodi kuniuliza kama niko salama. Nikamjibu aende zake.

Vingine thelathini na vinne nitavigonga kidogokidogo.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua ya mawe. Taa zimekatika mara mbili. Mzee wangu nyumbani anasema naongea peke yangu jikoni. Nikamwambia naongea na mtu mwenye akili.

Jumamosi, 25 Machi

Niandike kabla sijabadilisha hadithi.

Swali alikuwa na kitabu cha nyota mkononi. Siku hizi wote wanaanzia nyuma, wanatazama karatasi. Akakitazama, akatoa daftari lake la hesabu kwenye mkoba. Lina jalada la kalenda ya zamani, kama watoto wengi wanavyovalisha madaftari yao. Jalada lake ni Juni ya mwaka jana. Akaweka kidole.

"Bibi, hiki kimeazimwa tarehe kumi na mbili Juni."

"Ndiyo."

"Kumi na mbili Juni ni Jumapili. Jumapili huwa tumefunga."

Alisema "tumefunga", sio "mmefunga". Watoto kumi na wanne wakanitazama. Ningeweza kumfokea. Ulimi ninao, kila mtu anajua. Mwisho nikasema, "Nimegonga mimi. Nimeghushi. Na si hicho tu, ni saba."

Hakuna aliyenicheka. Pluto akauliza, "Sasa na sisi tutakuwa waongo?"

"Ninyi hapana."

"Lakini vitabu ni vyetu pia," Swali akasema. "Kama ni muhuri wanataka, si tuazime kweli?"

Mungu wangu! Miaka ishirini na sita kwenye kaunta, na nimefundishwa kuazimisha vitabu na mtoto mwenye pengo la jino.

Jumatatu, 27 Machi

Nikapiga moyo konde nikaingia ofisini kwa Bi Takwimu na vitabu saba. Nikamwekea mezani, nikamwambia nilichofanya. Nilitarajia mayowe. Akavifungua kimoja kimoja, akazipiga tarehe mstari wa kalamu nyekundu, akaandika pembeni "si sahihi" na saini yake. Halafu akaniandikia barua ya onyo, mistari minne, haina hata neno moja la ziada. Ya kwanza maishani mwangu. Nimeibandika hapa chini kwa gundi.

"Nikuulize," nikasema nikiwa bado nimesimama. "Kikiazimwa kweli kabla ya lori, je?"

"Kitakuwa na muhuri."

"Na kama lori likija kiko nje, kwa msomaji?"

"Sheria inahesabu kilicho kwenye rafu." Akanitazama kwa mara ya kwanza bila kompyuta katikati. "Kila kadi ni vitabu viwili. Mtoto anahitaji mtu mzima wa kumdhamini kwa saini. Wafanyakazi wa maktaba hawaruhusiwi kudhamini wala kuazima kilicho kwenye orodha. Fomu ziko kabatini, droo ya tatu."

Droo yenyewe alinitajia. Sijui nimweke wapi mwanamke huyu.

Jumamosi, 1 Aprili

Hesabu ya watoto: vitabu arobaini na kimoja, kadi ishirini zinabeba arobaini, tunahitaji kadi ishirini na moja. Wao ni kumi na wanne, kwa hiyo tunatafuta watu wazima saba wa kuazima wenyewe. Kila mtoto amepewa fomu ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua.

Nikatangaza kwamba vitabu vyote vitatoka siku moja, Jumamosi ya tarehe 22, lori likija likute rafu tupu. Ni kiburi, nakiri. Nataka waione hiyo rafu.

Jumatano, 5 Aprili

Fomu nne zimerudi. Moja ina alama ya mchuzi.

Alhamisi, 6 Aprili

Mzee wangu, fundi bomba mstaafu, amekubali kuwa na kadi. Nikampeleka kwa Bi Takwimu nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akafungua kitabu cha sheria, akapitia ukurasa mzima. "Sheria imekaa kimya kuhusu waume," akasema, akaandika kadi. Mzee ameshachagua vitabu viwili vya roketi. Anasema roketi ni bomba tu, tofauti ni kwamba linavuja kwa makusudi. Kisha akapanda juu ya dari na kuniwekea mfereji, sasa maji ya kona ya watoto yanatoka nje kwa dirisha. Ndoo imestaafu naye.

Jumamosi, 8 Aprili

Kamanda naye amejaza fomu. Nikamwambia wafanyakazi hawaruhusiwi. Akatunisha kifua: yeye ni wa kampuni ya ulinzi, maktaba ni kituo tu alichopangiwa. Bi Takwimu akasema ni sahihi. Amechagua cha Zohali kwa sababu ya pete.

Leo hatukusoma sura. Watoto wamekubaliana kwamba dada wawili, waliosimama kwenye ukurasa wa thelathini na moja, chombo kimegoma na mama hajibu redio, wasubiri hapohapo mpaka tushinde. Nikawaambia huo ni ukatili. Pluto akasema, "Na wao wajue hali."

Jumatano, 12 Aprili

Maji yamejaa barabarani hadi ngazi ya pili. Hakuna msomaji.

Jumamosi, 15 Aprili

Muuza nyama, baba yake Pluto, amekuja mwenyewe na aproni ya damu. Nilijua amekuja kukataa. Kwa miaka nimekuwa nikimwona ni mtu wa visu tu. Akatandaza karatasi safi ya kufungia nyama juu ya kaunta, akasaini fomu ya mwanawe juu yake ili asichafue, kisha akaomba na yake.

"Mwanangu hazungumzi nyumbani," akasema. "Jumamosi tu ndiyo anarudi ana maneno. Nataka nijue yanatoka wapi."

Nikamchagulia viwili vyenye picha kubwa. Kadi sasa ni kumi na sita.

Jumatano, 19 Aprili

Kadi ishirini! Kinyozi, fundi cherehani wa jirani, mpiga chapa na muuza chai wamekamilisha watu wazima saba. Iliyobaki ni moja, na ni ya Swali. Kila nikimuuliza anajibu, "Bado, Bibi," na kuangalia viatu.

Nikaenda saluni kwa shangazi yake. Chumba kidogo, vioo viwili, wateja watatu kwenye benchi. Alikuwa anasuka, kitana kati ya meno.

"Habari za kazi, dada. Nimekuja kuhusu fomu ya mtoto."

Akatoa kitana mdomoni. "Kusoma simkatazi. Asome hukohuko kwenu. Makaratasi ya maktaba mimi sisaini."

"Ni saini tu, haina..."

"Nimesema sisaini, mama. Nina kichwa cha mtu mkononi."

Wateja wakatazama sakafu. Nikatoka nimefura. Mwanamke mkavu, asiye na shukrani, mwenye roho ya korosho. Niliyasema hayo njia nzima, mvua ikininyeshea.

Jumamosi, 22 Aprili

Siku yenyewe. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni, miavuli ikidondosha maji kila mahali, nami kwa mara ya kwanza sikumfokea mtu. Niligonga muhuri mpaka kiganja kikaingia wino. Arobaini. Kila kitabu kilichopita mkononi mwangu kwenda kwenye mvua ile kilinikata kidogo, na kila kilipotoka nilisema kimoyomoyo: nenda, waoneshe.

Kikabaki kimoja, cha dada wawili.

"Haya," nikawaambia watoto. "Nani ana mtu mzima mwingine nyumbani wa kujaza fomu? Kuna kaka, kuna mjomba? Tunahitaji kadi moja."

Wote wakamgeukia Swali.

"Pluto, mama yako?"

"Mama anaweza," Pluto akasema. "Lakini hicho ni cha Swali."

"Kikibaki kwenye rafu kitasagwa!"

"Ndiyo, Bibi."

"Mmesikia nilivyosema?"

"Tumesikia," wakajibu kwa pamoja, kumi na watatu, na kila mmoja amekumbatia vyake viwili. Swali alikuwa amesimama mikono mitupu, hakulia, akawaambia wakichukue, yeye atawauliza dada wale waliishia wapi. Wakakataa. Nikafoka, nikabembeleza, nikatishia. Wapi! Nimelea waasi humu ndani bila kujua.

Nikakirudisha kwenye rafu peke yake. Kimelala kwa ubavu.

Jumanne, 25 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kitabu kipo.

Alhamisi, 27 Aprili

Saa kumi kasoro, nikiwa najiandaa kufunga, shangazi yake Swali akaingia. Kanga ya kichwani imelowa, Swali yuko nyuma yake. Hakusalimia. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akakitoa kile kitabu, akaja nacho kaunta, akafungua nyuma na kuweka kidole juu ya ule muhuri mmoja.

"Huyu ni mimi," akasema.

Sikuelewa.

"Hunikumbuki. Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa mvua kama hii, nikakificha ndani ya gauni, hata hivyo kikalowa. Nilisimama hapahapa. Ulikishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Ukachana kadi yangu mbele ya watu. Ukaniambia, 'Wewe vitabu utavionea dirishani.'"

Nikatafuta kichwani. Nikatafuta uso wake, gauni, siku yenyewe. Sikupata kitu, na hilo ndilo linaloniumiza ninapoandika. Yeye ameibeba siku ile miaka ishirini na miwili, kwangu ilikuwa siku ya kazi tu. Ningeweza kubisha. Lakini yale maneno ni yangu, nayajua kama ninavyojua sauti yangu. Na sheria yangu ya kutotoa vitabu, ile ninayoionea fahari, nilianza kuitumia miaka hiyohiyo.

"Nisamehe," nikasema. "Nilikukosea. Nilipenda vitabu kuliko mtoto aliyekuwa ameshika kitabu."

"Sikuja kusamehe. Nimekuja kukuuliza jambo moja." Akamvuta Swali mbele. "Huyu akikichukua, kikilowa, itakuwaje?"

"Kikilowa kimelowa. Atakileta, nitakipokea, nitampa kingine."

"Sema tena, asikie."

Nikasema tena. Kamanda alikuwa mlangoni, akasikia. Bi Takwimu alitoka ofisini kwake, akasikia. Nikasema mara ya tatu bila kuulizwa, kwa sauti ambayo kwa miaka ishirini na sita nimewakataza watu kuitumia humu ndani.

Msusi akatoa fomu kifuani. Ilikuwa imekunjwa mara nane, mikunjo imechakaa, ameibeba wiki nne. Akasaini. Bi Takwimu akaandika kadi palepale kaunta, akiwa amesimama. Nikagonga muhuri wa pili chini ya ule wa kwanza. Swali akakivalisha mfuko, akakitia ndani ya gauni.

"Kishike mkononi," shangazi yake akamwambia. "Hutembei na kitu cha wizi."

Ijumaa, 28 Aprili

Lori limefika saa tatu. Vibarua wawili wakaingia na magunia. Nikawaongoza mwenyewe hadi rafu ya anga, nikasimama kando, mikono kiunoni.

"Viko wapi?" mmoja akauliza.

"Vimesafiri."

Wakachukua vya pamba. Bi Takwimu akaja na kompyuta yake, akatazama mbao tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, akaandika. Nikachungulia. Alikuwa ameandika sifuri.

"Ni takwimu nzuri," akasema. Nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. Kisha akaniuliza kama ni kweli Jumamosi kuna kiti cha ziada, ana mtoto wa miaka tisa anayemsumbua kuhusu mashimo meusi. Nikamjibu aje mapema, viti vinagombewa.

Jumamosi, 6 Mei

Siku ya kurudisha. Tangu asubuhi wanaingia na vifurushi: mifuko ya unga, karatasi za nyama, foronya. Mzee wangu amerudisha vya roketi akiwa amesahihisha mchoro mmoja kwa penseli. Tutazungumza nyumbani.

Saa nne nikamwona Pluto mlangoni. Haingii. Kamanda anamwambia pita, yeye amesimama kwenye manyunyu, mikono nyuma. Nikajua kabla sijaambiwa.

"Njoo," nikasema.

Akaja, akaweka kitabu kaunta. Kimevimba, kimejikunja, maji yanachuruzika hadi kwenye pedi ya wino. Kwenye foleni nyuma yake, watu watatu tu, yuko Swali na shangazi yake. Shangazi alikuwa ananitazama mimi, sio kitabu.

Nikakishika kwa mikono yote miwili.

"Ulifika ukurasa wa ngapi?"

"Nimekimaliza, Bibi. Mara mbili."

"Basi kachague kingine."

Alichukua muda kuamini. Kisha akakimbia kwenye rafu, nami sikumwambia asikimbie. Msusi akanyoosha mkono, akakichukua kile kilicholowa, akakipima kwa jicho la kazi. "Kipeleke saluni. Chini ya draya ya nywele, moto mdogo, ukurasa mmoja mmoja. Nimekausha vichwa vibaya kuliko hiki."

Halafu Swali akaweka kitabu cha dada wawili mbele yangu. Kikavu kabisa, ndani ya kofia ya plastiki ya saluni. Nikakipokea, nikauliza nani anafuata.

"Mimi," msusi akasema. Akasukuma kitabu kilekile kwangu, na juu yake fomu, yake mwenyewe. "Mwaka ule niliishia ukurasa wa thelathini na moja. Sijui kama walirudi nyumbani."

"Si umuulize mtoto?" nikamtania. "Amekimaliza."

"Nimemuuliza wiki nzima. Amegoma."

"Soma mwenyewe, Shangazi," Swali akasema.

Nikageuza kitabu, nikafungua nyuma. Nikahakikisha magurudumu ya muhuri, moja baada ya jingine, nikagonga wa tatu: tarehe 6 Mei. Leo ni Jumamosi, na tuko wazi.